Udongo wa Uani kwa Bibi

Mama Vumbi hakuwa na mtoto aitwaye Vumbi, wala hakuwa na mtoto yeyote. Jina hilo alibandikwa maabara, na waliombandika hawakukosea. Kwa miaka ishirini alikuwa akizunguka na brashi na mifuko ya karatasi, akibisha hodi kwa watu ili aombe kitu ambacho kila mwenye nyumba mwenye heshima zake hukitupa. "Samahani, naomba vumbi la dirishani kwako." Wengine walimcheka. Wengine walimfungia mlango wakidhani ametumwa na mganga. Mama mmoja alimjibu kwa ukali kwamba nyumbani kwake hakuna vumbi, na kama analitaka sana aende kwa jirani, kule lipo la kumwaga.

Alichokuwa akitafuta ndani ya vumbi ni madini mazito, na zaidi ya yote risasi. Mwaka ule kazi ilikuwa mtaa wa bondeni, kwenye karakana kongwe inayovunja betri za magari na kuyeyusha risasi iliyomo. Baraza la mji lilitaka kujua kama karakana ile ihamishwe. Basi Mama Vumbi akatundika pampu zake ndogo juu ya mapaa, zikavuta hewa mchana na usiku kupitia karatasi nyeupe za chujio, na zilipoteremshwa zilikuwa na rangi ya majivu. Akakwangua na udongo wa juu kwenye nyua za watu, kina cha ukucha tu, akautia mifukoni na kuuandika namba.

Sasa, katika kazi hiyo uchafu peke yake hausemi kitu. Ukidai mtaa fulani ni mchafu, mtu ana haki ya kukuuliza: mchafu kuliko wapi? Kwa hiyo kila utafiti lazima uwe na sehemu ya kulinganishia, mahali safi pa kupimia uchafu wa kwingine. Vijana wa maabara walileta ramani na rula, wakaanza kubishana. Mama Vumbi hakuhitaji ramani. Alichukua fomu akaandika: "Ua wa makazi, mlimani, ng'ambo ya mji. Hakuna chanzo cha uchafuzi kinachojulikana." Ulikuwa ua wa marehemu bibi yake, na alipokuwa akiandika alikuwa anatabasamu. Mtafiti anayetabasamu akijaza fomu anastahili kunyang'anywa kalamu, lakini siku hiyo hapakuwa na wa kumnyang'anya.

Na nani angemlaumu? Likizo zote za utotoni alizimalizia pale. Bibi yake alikuwa mfuaji, anafua nguo za watu, na kwa usafi hakuwa na mpinzani mlima mzima. Uani kulikuwa na kamba tatu za kuanikia, mabeseni yaliyopangwa kwa ukubwa, na jiwe la kufulia lililokuwa laini kama sabuni yenyewe. Asubuhi na jioni Bibi alichota maji kwa kiganja akayanyunyiza uani ili vumbi litulie, ndipo akafagia. Harufu iliyopanda hapo, ya udongo uliolowa na sabuni, Mama Vumbi hakuipata tena popote. Aliwahi kusimama kwenye korido ya hoteli nchi ya mbali, kwenye mkutano wa wataalamu, msafishaji akapita na ndoo yake, na yeye akajikuta machozi yanamlengalenga, jina lake likiwa limening'inia shingoni kwenye kadi. Aliukumbuka ule ua mpaka ukamuuma.

Mwenzake wa michezo alikuwa Baba Mdogo, kitinda mimba wa Bibi, aliyemzidi miaka mitatu tu. Walijificha katikati ya nguo mbichi zilizoanikwa, wakatafutana kwa miguu, kwa sababu nguo ziliishia magotini. Cheo chake Baba Mdogo alikitumia bila haya. Mkate ukikatwa, alichukua kipande kikubwa akasema, "Mimi ni baba yako, unanidai nini?" Mama Vumbi hakudai kitu, alikuwa anampenda.

Kisha mwaka mmoja akaja likizo akakuta amempita. Yeye alikuwa na miaka saba na anasoma gazeti lililofungiwa sabuni. Baba Mdogo, na miaka yake kumi, aliligeuza juu chini akasema limeandikwa vibaya. Tangu hapo umbali ulizidi tu. Mikono ilimtetemeka, mambo yalimtoka kichwani kabla hayajakaa, na shuleni walimrudisha darasa lile lile mpaka dawati likamwishia magotini. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane, mtu wa kucheka na kila mtu, mkononi ana saa nzuri asiyoweza kuisoma. Siku nzima aliwauliza wapita njia saa ngapi, mpaka mtaa ukampa jina la Bwana Saa.

Sababu ya hayo yote ilijulikana kwenye ukoo, au watu walidhani inajulikana. Shangazi, dada yake, alimwangusha. Alikuwa na miaka kumi, kabeba mtoto wa miezi mitano, akajikwaa kwenye kizingiti cha jikoni na mtoto akatangulia kichwa. Hakuna aliyemtupia maneno hayo usoni. Yalisemwa pembeni, kwa adabu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mtoto wa mtu akibebwa na mwenzake, lazima angetokea jamaa fulani wa mbali wa kusema, "Mtoto hapewi mtoto, jamani, sisi tumeshaona." Na macho yote yangejifanya yanatazama ukuta. Shangazi alichumbiwa mara mbili akakataa mara mbili. Alipoulizwa, alijibu kwa kuuliza, "Nami nikienda, yule ataachiwa nani?" Bibi alipofariki, wakabaki wawili kwenye nyumba ile, dada na mdogo wake.

Majibu yalitoka siku ya Jumatatu. Mtu wa mashine pale maabara walimwita Bwana Mizani, mzee mkavu aliyepima kila kitu mara mbili, pamoja na sukari ya chai yake. Alikuja na karatasi mkononi, akaiweka mezani bila salamu.

"Umechanganya mifuko," alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Hapa panapoitwa safi, hewa yake safi kweli, haina neno. Lakini udongo una risasi mara tatu ya mtaa wa karakana. Mara tatu, Mama Vumbi! Ningekuwa na moyo mdogo ningekuwa nimelazwa."

"Rudia kupima."

"Nimerudia tangu asubuhi. Na si risasi tu. Ina antimoni ndani yake."

Mama Vumbi akanyanyua kichwa. Antimoni ni madini ambayo mafundi huchanganya na risasi ili sahani za betri ziwe ngumu. Udongo wa mlimani hauna sababu ya kuwa nayo. Akaivuta karatasi, akalinganisha tarakimu kwa ncha ya kalamu. Uwiano ulikuwa ule ule wa karakana, kama ndugu wa tumbo moja. Mifuko haikuchanganywa. Risasi ya bondeni ilipanda mlima, na haikupanda kwa upepo.

"Basi fanya hivi," Bwana Mizani alisema, sauti imelainika kwa kuwa aliona rangi inamtoka mwenzake. "Ripoti inatakiwa wiki ijayo. Huu ua utupe, tafuta sehemu nyingine ya kulinganishia. Kule kwenye ua kuna nini lakini? Pana nani?"

"Ni kwetu," alisema Mama Vumbi.

Bwana Mizani akageuka aondoke, kisha akashindwa kujizuia. "Nyani haoni kundule," alinong'ona, akatoka.

Alipobaki peke yake, Mama Vumbi alifumba macho akarudi uani, lakini safari hii aliingia na akili ya kazini badala ya akili ya likizo. Akili hizi mbili zilikaa kichwa kimoja miaka mingi bila kusalimiana. Akazitazama tena zile nguo alizojificha ndani yake. Hazikuwa mashuka. Zilikuwa ovaroli, za kijivu, nzito, zilizoletwa na mkokoteni kila Ijumaa kutoka bondeni. "Nguo za mafundi," Bibi alikuwa akiziita, na alizipenda kwa kuwa karakana haikukosa kuleta. Kabla ya kuziloweka alizikung'uta ukutani, moja moja, na vumbi lilipanda zuri juani likimetameta, na yeye na Baba Mdogo walikimbia katikati yake wakilishika kwa mikono. Walikuwa wanaliita unga wa nyota.

Halafu maji. Maji yalipandishwa mlimani kwa ndoo, kichwani, na Bibi hakuwa mtu wa kumwaga kitu kilichomtoa jasho. Maji ya suuza ya ovaroli ndiyo aliyoyaweka kwenye beseni la mwisho, na ndiyo aliyoyanyunyiza uani asubuhi na jioni ili pawe safi. Miaka kumi na mitano alifanya hivyo bila kuruka siku. Ule usafi wake ndio ulioipanda risasi, kiganja kwa kiganja. Kama angekuwa mvivu, ua ungepona.

Na Baba Mdogo alizaliwa katikati ya miaka hiyo.

Tusimsingizie Mama Vumbi utakatifu: alitaka kuitupa ile karatasi. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, na kwa siku mbili akajiambia kwamba wafu waachwe wapumzike. Bibi alikuwa ndiye mtu aliyempenda kuliko wote waliowahi kumpenda, na alihisi kama anayetumwa kwenda kumchongea. Lakini pale uani bado palikuwa pakifagiwa. Na siku ya tatu, akiwa anapiga mswaki, akamfikiria Shangazi ambaye tangu ana miaka kumi alikuwa anabeba mzigo usio wake. Akapiga moyo konde, akashika njia ya mlimani.

Alimkuta Shangazi amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anashona kifungo cha shati la mdogo wake. Jua la alasiri lilikuwa limejaa uani. Kamba moja ya kuanikia ilikuwa bado ipo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukwangua tena? Mara hii ukimaliza udongo nianze mimi, maana kwenye visigino sikosi nusu kilo."

Mama Vumbi alicheka, kicheko kikakatikia njiani. Shangazi akaacha kushona.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Shangazi, majibu ya udongo yametoka. Si mazuri."

"Udongo wa bondeni, si tunajua."

"Wa hapa. Huu."

Shangazi aliutazama ua kama mtu aliyetukaniwa mgeni wake. "Hapa? Mama yangu alifagia hapa mara mbili kwa siku mpaka wiki aliyolazwa. Hizo mashine zenu zina wazimu. Watu walikuwa wanaweza kula chini hapa, bila sahani!"

"Najua. Mimi nilikuwa mmoja wao."

Akaketi ngazi ya chini yake, akaeleza. Hakutumia maneno ya mikutanoni. Alisema ovaroli, alisema kukung'uta, alisema maji ya suuza. Alisema risasi haiozi wala haiondoki na mvua, inakaa kwenye udongo wa juu, kina cha ukucha, ikingoja mtu ainuse au airambe. Alisema inapita kwa mama na kuingia kwa mtoto kabla hajazaliwa. Hapo sindano ya Shangazi ilikuwa imesimama hewani.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," Shangazi alisema polepole. "Sikujua walimaanisha nguo kweli." Kisha uso ukambadilika. "Lakini mwaka ule aliyekuwa anazikung'uta Ijumaa ni mimi. Mama anapasha maji, mimi nakung'uta kabla ya kwenda shule. Na mdogo wangu amelazwa pale, kwenye mkeka, chini ya kamba, ili nimwone." Akaonyesha kwa kidole kilichovaa subana ya kushonea. "Kwa hiyo ni mimi tena. Nikichomoka kizingitini, nanaswa kwenye kamba."

Mama Vumbi hakuwa amelitegemea hilo. Alikuja na ufunguo, na mfungwa alikuwa anatafuta kufuli jingine. Hasira zikampanda, na aliyemkasirikia hakuwa Shangazi.

"Sikiliza, Shangazi. Ulikuwa mtoto, umetumwa na mama yako. Mama yako alitumwa na njaa zenu. Bibi hakujua, na mimi niliyesomea mambo haya nimekuja hapa na mfuko wangu nikaandika kwa mkono wangu kuwa ni mahali safi. Sasa yeye angejuaje? Kama kulikuwa na anayejua, alikuwa kule karakana, na huyo hakupanda mlima kuja kutuambia zile ovaroli zina nini."

Uzi ulikuwa umemponyoka Shangazi sindanoni, akawa anautafutia tundu bila kuutazama.

"Na kule kuanguka?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ambayo Mama Vumbi hakuijua, sauti ya msichana.

"Alilia palepale?"

"Alilia mpaka majirani wakaja."

"Akazimia? Alitapika?"

"Hapana. Jioni alinyonya, akacheka. Mimi ndiye niliyeshindwa kula."

"Watoto wengi wanaanguka hivyo, Shangazi, na wanakua wanakuwa mawakili. Lakini mikono kutetemeka, kusahau, herufi kutoshika, hayo ndiyo mambo ambayo risasi inawafanyia watoto. Nimeyaona kwa watoto wa bondeni, ambao hakuna aliyewaangusha."

"Unasema kweli au unanibembeleza?"

"Kwenye ripoti nitaandika 'huenda', kwa sababu hakuna aliyempima akiwa mchanga na mimi siwezi kurudi nyuma. Wewe si ripoti. Wewe nakwambia ninavyoamini. Si wewe uliyemfanya vile."

Shangazi aliliweka shati mapajani akalinyoosha, akalinyoosha tena pasipo na kunjo. Akauliza kama jina la mama yake litaandikwa, akaambiwa ripoti haiandiki majina, ina namba tu, ila ua wenyewe utaingia, ili wafuaji wengine wa nguo za karakana nao watafutwe. Akauliza wafanye nini. Akaambiwa wasifagie tena pakiwa pakavu, wanawe mikono kila waingiapo ndani, udongo wa juu utakwanguliwa na kuzikwa mbali, na wote wawili watatolewa damu ipimwe. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, lakini Mama Vumbi aliona wazi kwamba maneno yanapita tu.

"Miaka arobaini na minane," Shangazi alisema. "Kila nikimvisha viatu namwomba msamaha moyoni. Kila asubuhi. Yeye mwenyewe sijawahi kumwambia."

"Hajui?"

"Nani angemwambia? Mimi?"

Akasimama. Akasafisha koo, akaita kwa sauti ya juu kuelekea barabarani, na baada ya muda Baba Mdogo akatokea kwenye kona ya nyumba, fulana tu kifuani, anacheka tangu mbali kwa kumwona mgeni.

"Mwanangu umekuja! Saa ngapi?"

"Saa kumi, Baba Mdogo."

"Saa kumi," alisema kwa kuridhika, akaitazama saa yake kana kwamba imekubali.

"Kaa," Shangazi alimwambia. "Nina neno." Akakaa. Dada yake alibaki wima mbele yake, mikono ameificha nyuma, na akasema kwa haraka, kama anayevuka barabara ya magari mengi. "Ulipokuwa mchanga mimi nilikuangusha. Nilikuwa nimekubeba. Ukaangukia kichwa, pale kizingitini."

Baba Mdogo alikigeukia kizingiti akakichunguza vizuri. Mdomo ulimfunguka kidogo, kama kawaida yake anapofikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

"Nilikuwa mdogo?"

"Wa miezi mitano."

"Na wewe?"

"Miaka kumi."

"Ulijikwaa?"

"Nilijikwaa."

Akamtazama dada yake kuanzia usoni kushuka chini mpaka miguuni, kwa wasiwasi. "Uliumia?"

Watu walikuwa wamemuuliza Shangazi mengi kuhusu siku ile, mama yake, majirani, na yeye mwenyewe kila asubuhi, lakini swali hilo lilikuwa geni masikioni mwake. Taratibu akalikamata pindo la gauni, akalipandisha mpaka juu ya goti. Palikuwa na kovu pale, la zamani, limekaa upande, refu kama kidole. Mama Vumbi alikuwa amelala kitanda kimoja na mwanamke huyu likizo ngapi, na hakuwahi kuliona.

Baba Mdogo akainama. Akaushika mguu wa dada yake kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akaliangalia kovu kwa karibu, akalipuliza mara mbili, kama apulizwavyo mtoto aliyeanguka.

"Pole, dada," alisema. "Pole sana."

Shangazi akalia, na wao wakamwacha alie.